Eliakim na Stendi ya Kaboni

Watu wa Bungoma wakitaka kumcheka shemeji yangu Eliakim Sifuna, husema ndiye mpiga picha pekee duniani aliyeuza mwanga akanunua miguu. Wacha wacheke. Hata mimi nilicheka, tena mbele yake, mpaka mteja niliyekuwa nikimsuka akalia kwamba namng'oa nywele. Lakini mimi nilikuwa Kachibora siku ile na wao hawakuwa. Kwa hivyo mtu akiingia saluni yangu na kuanza, ati yule mjinga wa stendi, mimi humwambia keti. Keti hapo nikueleze, na ukinikatiza nakuacha na kichwa nusu.

Mimi ni Phelista. Dinah, mke wa Eliakim, ni mdogo wangu wa kufuatana. Miaka hiyo ya elfu mbili na tatu, na nne, saluni yangu na studio ya Eliakim zilitenganishwa na ukuta wa mbao tu. Nikikohoa upande wangu, yeye ananiambia pole upande wake.

Eliakim ni mtu wa Myanga. Kwao wanalima mahindi na miwa, na katika ukoo wao wote hakuna aliyewahi kushika kamera. Ya kwanza aliinunua kwa mwalimu aliyekuwa akistaafu, akaanza kuzunguka nayo soko la Chwele akipiga picha wafanyabiashara wa ng'ombe. Mtu alisimama kando ya fahali wake, amevaa koti, na picha ikitoka mbaya alilalamika kwa niaba ya fahali. Hapo ndipo Eliakim alijifunza subira, maana fahali humwambii atabasamu.

Na subira yenyewe, jamani! Alikuwa na fleshi mbili kubwa za studio kwa ajili ya picha za pasipoti, lakini moyo wake haukuwa kwa fleshi. Mtu akitaka picha ya maana alimkalisha kando ya dirisha, akaweka kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu, akamwambia, "Pumua. Toa yote. Sasa tulia." Kamera ilifungua jicho lake polepole, ikanywa mwanga, ikafunga. Mimi ninayo moja. Nilipoiona mara ya kwanza nilitaka kuichana kwa sababu nilionekana nimechoka. Kisha nikaiangalia tena, na tena, na sikuamini mwanamke mzuri hivyo ndiye anayebishana na makanga wa matatu kila asubuhi. Watu walisema ukienda kwa Eliakim beba chakula cha mchana. Walisema hivyo na bado walienda.

Kitu kilichonikera kwake ni heshima yake kwa mama yetu. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawaangaliani usoni, hawashikani mikono, hawakai meza moja. Siku hizi watu wamelegeza, utaona mtu na mama mkwe wake wanachekeana kanisani. Si hao wawili. Mama alikuja siku moja kumwona mjukuu wake, Ivy, bila kutuma habari. Eliakim alipomwona mbele yake njiani, aliruka ndani ya shamba la jirani la majani ya ng'ombe na begi lake la kamera na akakaa humo mpaka Mama akapita. Mama naye alikuwa ameshajifunika leso kichwa kizima, akawa anatembea kama kipofu. Nilicheka nikakaa chini. Lakini ndio ukweli wenyewe: miaka yote ya ndoa ya Dinah, Mama hakuwahi kuuona uso wa Eliakim, na Eliakim hakuwahi kuuona wa Mama. Hata siku ya harusi Eliakim aliona kisogo cha Mama tu.

Sasa Mama, Mama Nakhungu, anakaa Kachibora, shambani alikoachwa na marehemu baba. Akaanza kugonga vitu. Leo mlango, kesho beseni, keshokutwa amemkanyaga kuku. Tulimtania kwamba ameanza kuonja pombe ya busaa kwa siri. Halafu nikampeleka hospitali Kitale, na kicheko kikaisha. Daktari alisema ni presha ya macho. Alisema macho ya Mama yanafunga kutoka kando kuja katikati, kile kilichokwenda hakirudi, na dawa ya matone inachelewesha tu. Mama alisikiliza, akauliza kama anaweza kuendelea kula pilipili.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Phelista, ni kama naangalia dunia kwa tundu la kufuli. Katikati naona vizuri. Lakini tundu linapungua."

Dinah aliposikia alilia siku nzima, kisha akafuta uso na kusema kitu kimoja, na kitu hicho ndicho kilituingiza kwenye mambo haya yote. Alisema, "Mimi nataka picha ya Mama macho yake yakiwa bado yanaona. Si baadaye. Sasa."

Nilimwelewa. Wewe humjui Mama yetu. Mama alikuwa na macho ambayo akikuangalia unaungama kabla hujaulizwa. Tulilelewa na macho hayo kuliko fimbo. Na katika nyumba yote hakukuwa na picha yake hata moja ya maana.

Tukaita mpiga picha wa Kitale. Akaja na fleshi yake, pwaa! Mama akapiga kelele, akaziba uso. Mwanga huo ulimchoma. Tukaita mwingine, naye akaahidi ataenda polepole, pwaa! Picha zikatoka Mama amefumba macho, mdomo umekazwa, amekaa kama maiti aliyekasirika. Dinah akazificha chini ya godoro. Basi akamgeukia mumewe.

"Baba Ivy," akamwambia, "ni wewe tu unajua kupiga picha bila fleshi."

Eliakim aliinuka kwenye kiti kama ameketi kwenye siafu. "Mimi? Nimpige picha Mama? Si nitamwangalia!"

"Utaangalia kwa kioo," Dinah akasema.

"Kioo, ati kioo," nikaingilia. "Hata miwani ni kioo. Basi kila mwanaume mwenye miwani amkodolee mama mkwe wake macho?"

"Phelista, wewe uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa ukweli, bana."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Siku kadhaa zikapita. Halafu Eliakim akanigongea ukuta wa mbao na kusema kupitia ukuta huo huo, "Shemeji, nimepata. Stendi itasimama mahali pangu. Nitaweka kila kitu Mama akiwa jikoni, nitoke, aingie. Wewe utabonyeza."

"Mimi nikishika kamera si hukata watu vichwa?"

"Hutashika. Utabonyeza waya tu, ule unaofungwa kwenye kamera. Stendi ndiyo itashika."

Basi tukaenda Kachibora na stendi yake ya zamani, ya alumini, ndugu wa sufuria. Ilikuwa imepinda mguu mmoja Chwele na fundi wa baiskeli akaunyoosha kwa nyundo. Eliakim alisubiri Mama aende jikoni, jiko lao liko nje, ndipo akaingia sebuleni. Alipanga, akapangua. Akafungua pazia. Na kwa ajili ya kazi, akili yake ikiwa kwenye mwanga peke yake, akafanya kitu ambacho hakuna mkwe mwenye akili timamu hufanya. Alikwenda akakaa kwenye kiti cha Mama, aone mwanga wa dirisha unamwangukia mtu vipi usoni.

Akamaliza, akatoka, akaenda mpaka kwenye ghala la mahindi, akatupa mgongo. Mama akaletwa. Amevaa gauni la kanisani, kitambaa kipya kichwani. Dinah kwa furaha yake akasema, "Mama, kaa hapa, Baba Ivy ameshapima, hata amekaa mwenyewe kuhakikisha."

Wele wange, Mungu wangu! Mama alisimama pale pale.

"Amekaa wapi?"

Macho ya Dinah yakaenda kwenye kiti. Mama akakizunguka kile kiti kwa mbali kama kina moto, akachukua kigoda, akakiweka upande wa pili wa chumba, akaketi. "Nipigeni hapa."

Sasa ni mimi wa kuhamisha stendi. Ninyi mmewahi kubeba kitu chenye miguu mitatu ambayo kila mguu una maoni yake? Nzito, baridi, inalia kling-kling. Nikiinua, mguu mmoja unaingia ndani. Nikiuvuta, wa pili unateleza. Nikapiga kelele nje.

"Eliakim! Mguu umeingia!"

"Kaza skrubu!" akajibu kutoka ghalani, bado amegeuka.

"Ipi?"

"Ya kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwako? Wewe si umegeuka!"

Mpaka nikabanwa kidole, nikatukana mbele ya mama yangu mzazi. Nikabonyeza waya, lakini mguu ule wa nyundo ulikuwa bado unatetemeka. Picha ilipotoka, Mama alikuwa na pua mbili. Dinah hakucheka. Mama aliposhika ile picha alikuwa tayari anaisogeza huku na huku kutafuta uso wake ndani, na nikaona kwamba tundu limepungua tangu nimpeleke hospitali. Hapo nami nikaogopa.

Eliakim hakuuliza picha ikoje. Alinisikia tu nikimweleza Dinah, akasema, "Twende kwa Mzee Mohinder."

Mzee Mohinder Singh alikuwa na duka la kamera na kusafisha picha Kitale, babake alilianzisha, na yeye alizaliwa chumba cha nyuma cha duka hilo hilo. Eliakim akamweleza shida yote, pamoja na kiti. Mzee Mohinder hakucheka hata kidogo. Alisema, "Na sisi kwetu, mke wa mtoto anajifunika mbele ya baba mkwe. Mama yangu alifanya hivyo mpaka nyanya akamwambia toa. Naelewa." Akaingia nyuma, akarudi na stendi mbili, akazisimamisha juu ya kaunta.

"Hii alumini, mpya. Hii ingine ni kaboni. Kuna mtu wa kuangalia ndege kule mbuga ya Saiwa aliniambia nimletee kutoka Nairobi, na hakurudi. Imekaa. Watu wanaigusa, wanaenda."

"Kaboni ni nini?" nikauliza. "Makaa?"

"Nyuzi, mama. Nyuzi nyembamba sana, zinasukwa, zinalowekwa na gundi, zinachomwa zinakauka."

Alisema zinasukwa, basi nikasogea. Mimi kazi yangu ni kusuka, siwezi kudanganywa. Nikainama nikaangalia mguu ule mweusi karibu kabisa na jicho, na hapo ndani ya weusi nikaona msuko. Nyuzi zimepita juu, zimepita chini, sawasawa, hakuna hata moja imetoka nje ya mstari, kutoka juu mpaka chini. Nimesuka vichwa vya maharusi na vya wake za machifu, lakini nakwambia nilisimama pale mdomo wazi. Nani alisuka hii? Kwa vidole gani? Nikaishika nikainua. Mkono uliruka juu wenyewe kwa sababu ulikuwa umejiandaa kwa uzito na uzito haukuwepo.

"Aki hii ni mwanzi!"

"Ngoja," Mzee Mohinder akasema. Akazishusha stendi sakafuni, akarefusha miguu, akatoa glasi mbili, akazijaza maji, akaweka moja juu ya kila stendi. Na mzee yule mwenye ndevu nyeupe, kilemba kimenyooka, akaruka akakanyaga sakafu ya mbao, dum!

Maji ya glasi ya alumini yakacheza. Yakaendelea kucheza, viduara viduara, tukiangalia. Maji ya glasi ya kaboni yaliguna mara moja yakatulia. Akakanyaga tena. Vilevile. Eliakim akanyoosha kidole akagonga mguu wa alumini, ukalia tiing. Akagonga wa kaboni, ukasema tok, ukanyamaza.

"Alumini inakumbuka," Mzee Mohinder akasema. "Kaboni inasahau. Lakini sikiza, Bwana Eliakim, nisikuuzie uongo. Alumini ikipinda, fundi yeyote ananyoosha. Hii ikipasuka ni kwisha, hakuna fundi Kitale, hakuna Nairobi. Na kwa upepo, kwa vile ni nyepesi, lazima utundike mzigo hapa katikati. Kwa kazi ya harusi na matope, mimi ningekuambia chukua alumini."

"Umesikia?" nikamwambia Eliakim. "Chukua alumini. Sisi watu wa Bungoma tunanunua kitu ambacho kikivunjika kinashoneka."

Eliakim alikuwa bado anaangalia maji. Alisema, "Shemeji, Mama atahama tena. Hata nisipokaa kiti chake, atapata sababu nyingine. Ataketi anapotaka yeye, na mimi sitakuwa ndani. Mtu wa kuhamisha ni wewe au Dinah. Nataka kitu mtakachohamisha bila vita, na kikishasimama kinyamaze."

Hakuwa na uwezo wa kuinunua. Akarudi Bungoma, na kesho yake nikaona anatoa fleshi zake zote mbili nje, na miguu yake na miamvuli yake, anazifunga kwa blanketi. Mzee Mohinder alikuwa amekubali kubadilishana. Hapo ndipo nilipopasuka.

"Umeuza mwanga ununue miguu? Na picha za pasipoti?"

"Dirisha lipo."

"Na ikinyesha?"

"Watangoja."

Nikamwambia maneno mengine ambayo siyarudii hapa. Dinah alisimama mlangoni, amembeba Ivy mgongoni, na jinsi alivyomwangalia mumewe ilinifanya nirudi saluni kimya.

Tulirudi Kachibora mwezi wa saba, baridi imeshuka kutoka milima ya Cherangany na ukungu umelala kwenye mahindi mpaka saa tatu. Safari hii Eliakim hakukaa popote. Alinikalisha mimi, akapanga kamera na ile lenzi yake ndefu ya kuvuta, akaweka alama, akakaza skrubu. Akanifundisha pete ya kuzungusha mtu aonekane wazi. Kisha akatoka akaenda mbali kuliko mara ya kwanza, mpaka langoni kwenye ua wa michongoma, akaketi juu ya gogo, uso barabarani.

Mama akaingia. Akauliza, "Amekaa?"

"Hajakaa, Mama. Naapa."

Akapapasa kiti nilichokuwa nimekalia mimi, akaketi. Mwanga wa dirishani ulimjia upande mmoja wa uso, laini, mwanga wa ukungu. Nikamwambia kama vile Eliakim huambia watu: pumua, toa yote, tulia. Nikabonyeza waya. Kamera ikafungua. Nyumba nzima ikanyamaza, hata kuku, na ile stendi nyeusi ilisimama pale bila kupumua, na Mama akaiangalia kamera moja kwa moja, kama alivyokuwa akituangalia sisi tukiwa tumekula sukari. Ikafunga. Nilikuwa natetemeka mimi, si stendi.

Nikadhani tumemaliza. Mama akasema, "Yeye huwa anaangalia wapi?"

"Hapa, Mama. Kwa hili tundu."

"Tundu?" Akainuka. Akaja, akainama, akaweka jicho. Alikaa hapo muda mrefu mpaka Dinah akanishika mkono.

"Watoto," Mama akasema, "hapa kila kitu kimeingia. Kiti chote naona. Miguu yake, mgongo wake, mto wake. Hakuna kitu kimekatwa."

Unaelewa? Dunia yake ilikuwa imekuwa tundu, na hapa amepata chombo ambacho kazi yake ni kuweka dunia ndani ya tundu. Sisi tulikuwa hatujafikiria. Hata Eliakim hakuwa amefikiria.

Kisha Mama akashika stendi kwa mikono miwili. Nikaruka, "Mama, wacha nikusaidie, hiyo kitu hakuna fundi wake!"

"Unisaidie kuinua hii?" akasema. Akainua yote, kamera na miguu, mwanamke wa umri wake, kama anavyoinua kikapu cha mboga, akageuka nayo, akaiweka kizingitini ikielekea nje. Ikasimama. Haikuingia mguu, haikuteleza, haikulia. Akainama tena.

"Yuko wapi?"

Hakuna aliyeuliza nani. Dinah alikuwa ameziba mdomo kwa mikono. Mimi nikasukuma kamera kidogo, nikamwonyesha pete. "Zungusha polepole, Mama."

"Ni ukungu tu."

"Zungusha."

Akazungusha. Nikaona mabega yake yakisimama. "Ni mgongo," akasema. "Ana koti la kijani. Mwiteni."

"Mama…"

"Nimesema mwiteni."

Dinah akaita, sauti imekatika, "Baba Ivy!"

Pale langoni Eliakim akageuka na kuinuka. Nyumba yetu ndani ni giza ukiwa nje, haoni mtu, anaona mlango mweusi tu. Akauliza kwa wasiwasi, "Nini? Imeanguka?" Akabaki amesimama anaangalia kwenye mlango, shingo mbele, mikono imefunguka, akingoja kuambiwa kama stendi yake imevunjika.

Mama hakutoa jicho. Aliongea polepole, si na sisi.

"Kumbe ana kovu kwenye nyusi. Kumbe ameanza mvi. Mimi nilitoa mtoto wangu kwa kijana, na huyu ni mtu mzima." Akazungusha pete tena kidogo. "Ana uso wa mtu anayesikiliza." Akatafuta waya kwa mkono, nikampa, akapumua, akatoa yote, akabonyeza.

"Mwambieni haijaanguka," akasema. "Na hii nyingine msimwambie."

Filamu niliipeleka Kitale mwenyewe. Eliakim alikuwa ameagiza picha ziwekwe kwenye bahasha na asionyeshwe, kwa sababu kwake kuangalia picha ya Mama kulikuwa sawa na kumwangalia Mama. Mzee Mohinder alipozitoa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaangalia tena. "Mimi nimesafisha picha tangu nikiwa kijana," akasema, na hakumaliza.

Mama kwenye picha alikuwa mzima. Kila mkunjo wa uso wake ulikuwepo, kila uzi wa kitambaa, na macho, jamani, yale macho! Nilijikuta dukani pale nimenyoosha mgongo na kuficha mikono kama mtoto mwenye makosa. Na ya pili ilikuwa Eliakim, langoni, mbele ya michongoma, wazi mpaka vifungo vya koti.

Nilianza kwa Mama kwa sababu aliniagiza hivyo. Akaketi mlangoni penye mwanga, akashika picha ya mkwe wake karibu na jicho, akaipitisha polepole, kipande kwa kipande, mpaka akaimaliza. Yake aliigusa tu. Akanirudishia.

"Hii ya kwake naibakisha. Hii yangu mpelekee. Mwambie mimi nilimwangalia kwanza. Kama ni kosa, ni langu, na halijaniua. Mwambie na yeye aniangalie."

Nilifika Bungoma jioni. Eliakim alikuwa studio na Dinah. Nilikuwa nimesafishiwa nakala ya ile ya langoni, nikamwekea mezani hiyo kwanza. Akaiangalia, akakunja uso.

"Nani alinipiga hii? Wewe?"

"Mimi hukata watu vichwa."

"Sasa nani alizungusha pete? Hii imelengwa vizuri. Hii ni mtu ametulia." Akageuza nyuma, akageuza mbele. Akakumbuka alivyoitwa. Nikaona akielewa, na kiti kikampata kabla hajakitafuta.

Nikampa maneno ya Mama, yote, bila kuongeza, na mimi kutoongeza ni kazi. Nikaweka bahasha mbele yake. Hakuigusa. Aliinuka akaenda kunawa mikono, akarudi, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akavua kofia. Dinah akamfungulia bahasha.

Alishika picha dirishani kwa mikono miwili, akainua macho taratibu, akamwangalia. Sijui aliangalia kwa muda gani. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa imemshika Mama.

"Mulembe, Mayi," akamsalimu kwa lugha ya kwetu, amani, Mama.

Akasubiri kidogo, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayengoja kuitikiwa.